Mwizi wa Kanzu na Mkuu wa Kitivo

Mjukuu wangu alisoma Kigiriki cha kale na Kilatini chuo kikuu. Mwenye kicheko chake akicheke hapa hapa, akimalize, ndipo niendelee. Maana nimechoka. Nikienda dukani naulizwa, nikienda kwa fundi cherehani naulizwa. Hata daktari wa meno, mkono wake ukiwa umeingia mzima kinywani mwangu, aliniuliza: "Sasa bibi, akimaliza ataongea na nani?" Nikamng'ata. Alidhani ni bahati mbaya, na mimi sikumsahihisha.

Msichana mwenyewe nyumbani tunamwita Mapengo, kwa sababu meno yake ya mbele yaling'oka mapema na hayakuwa na haraka ya kurudi. Mama yake ni muuguzi wa zamu, leo mchana kesho usiku, kwa hiyo mtoto nimemlea mimi. Na mimi darasani sikuwahi kukaa. Nilichokuwa nacho cha kumpa ni uongo. Nilimwambia babu yake alikuwa na jogoo aliyewika kwa kupokezana zamu na jogoo wa jirani, ili kila mmoja apate kulala. Nilimwambia siku moja mvua ilinyesha upande mmoja tu wa barabara, nami nikapita katikati, bega moja likalowa na jingine likabaki kavu. Watoto wengine wa ukoo walicheka wakaenda kucheza. Mapengo akauliza, "Bega lipi, bibi?" Nikasema la kulia. Nikirudia hadithi siku nyingine nikasema la kushoto, ananibana: "Mara ile lilikuwa la kulia. Nani amebadilisha?" Kama ni kweli au si kweli, hilo halikumsumbua. Alitaka kujua hadithi imepitia wapi mpaka ikafika hivyo.

Basi alipoingia chuo akakuta kuna watu wanakaa mezani na maandishi ya marehemu wa zamani za zamani, wanayalinganisha, hili linasema kulia, lile linasema kushoto, nani amebadilisha, aliona kafika kwao.

Aliyekuja juu ni mjomba wake, fundi bomba. "Mama, mtoto ana kichwa cha uhasibu, wewe umemwacha akasome maiti."

"Na wewe unafukua mabomba yaliyofukiwa na marehemu kila siku, nani amekusema?"

"Mabomba yanatoa maji."

"Basi ngoja."

Darasa lao lilikuwa chumba cha mwisho cha korido, ghorofa ya juu, ukutani kwake tangi la maji likinguruma. Wenzake wa mwanzo walihama mmoja mmoja, huyu sheria, huyu biashara, akabaki yeye na mwalimu wao, mzee mwembamba niliyempa jina la Koti kwa kuwa halivui hata jua liwake namna gani. Siku moja nilimpelekea Mapengo mwavuli, nikakaa nyuma nikawatazama. Wanasoma kwa sauti. Koti alinieleza kwamba watu wa kale walipenda kusoma kwa kutamka, na kwamba ukitumia macho peke yake utaruka mahali halafu ujidanganye umeelewa. Asubuhi nzima mstari mmoja. Wanauchambua kama mchele wenye mawe, punje hii weka, hii toa, hebu irudishe. Sikuambulia kitu, lakini mtu anayefanya kazi kwa dhati namjua sura yake, na pale zilikuwepo mbili.

Kilichonifurahisha mimi ni laana. Kumbe Mrumi akiibiwa alichukua kibati chembamba cha risasi, yale madini laini mazito ya mabomba ya kizamani, akachora humo mashtaka yake kwa mungu fulani: mwizi, awe mwanamume awe mwanamke, asilale, asikae, mpaka arudishe alichochukua. Kisha anakikunja, anakipigilia msumari, anakitumbukiza kisimani. Mapengo aliamua utafiti wake wa mwisho uwe juu ya vibati hivyo. Ili ajue mkono unavyoteleza juu ya risasi, ikabidi atengeneze chake. Mjomba, huku akinung'unika, alimpondea kipande cha bomba kuukuu mpaka kikawa chapati. Mapengo akaandika habari za mtu wa kubuni aliyeibiwa kanzu yake ya kuogea kwenye hamamu, bafu lao la watu wote. Kanzu tu, hata ya harusi si hiyo. Akakipiga msumari mmoja pembeni, akakiacha dirishani, nami nikakitumia kukandamizia pazia.

Umebaki mwaka mmoja amalize, wakakuta kufuli jipya mlangoni.

Mkuu wa kitivo ameamua. Mwanafunzi mmoja si darasa. Koti akapumzike nyumbani, Mapengo ahamie uhasibu aanze mwaka wa kwanza, na chumba kiwe stoo ya viti vibovu. Hebu lisikie hilo. Viti vilivyovunjika miguu vina haki ya chumba, mtoto wa watu hana. Alirudi akakaa kwenye kizingiti cha jikoni, viatu hakuvua. "Bibi, vitabu vyangu vimo ndani," akasema. Hakulia. Angelia ningejua la kufanya.

Kesho yake nilivaa gauni langu la heshima, nikatia kibati mkobani, nikaenda.

Ofisi ina zulia, feni, na maua ya plastiki yenye vumbi. Mkuu ni mtu wa makamo, amenyoa vizuri. Aliniamkia, nikaitikia, akanipa kiti. Nami niseme ukweli wa kwanza na wa mwisho katika kisa hiki: nilianza kwa adabu. Nilimweleza mtoto alivyo, anavyoamka na mstari mmoja na kulala nao, anavyoweza kukuambia watu waliokufa walimwogopa nani na walimpenda nani. Muda wote huo anatazama simu. Nilipomaliza akatabasamu.

"Mama yangu, tusidanganyane. Hizo lugha zimekufa. Kilatini hakimfai mtu wala hakimdhuru mtu."

"Hakimdhuru?"

"Hata sisimizi."

Nikafungua mkoba, nikaweka kibati juu ya karatasi zake, msumari ukimwelekea.

"Hiki ni nini?"

"Kilatini."

"Kinasemaje?"

"Mimi sijasoma, baba. Ninachojua wenyewe walikuwa wakimwandikia mtu aliyewachukulia kitu chao. Hiki kaandika mjukuu wangu kwa mkono wake."

Kila neno hapo ni kweli tupu. Sijui kwa nini watu wananiita mwongo.

Kiti chake kina magurudumu; kilirudi nyuma chenyewe mpaka ukutani. "Kiondoe."

"Ya nini? Si maiti?"

"Mama, nakuomba kiondoe."

"Kiondoe wewe. Hata sisimizi hakimdhuru."

Akamwita karani wake. Karani akaingia na birika mkononi, akakitazama kile kibati, akautazama msumari. "Mkuu," akasema, "mimi nina watoto wadogo." Akatoka.

Akaitwa Mapengo. Aliingia akihema, akaniona mimi, akaona kibati, akafumba macho. "Bibi."

"Naam, mwanangu."

Alikichukua akakisoma chote kwa sauti, taratibu, kama walivyozoea, kisha akaeleza. "Ni kanzu ya kuogea, Mkuu. Imeibwa hamamuni, na aliyeichukua asilale, asikae, mpaka airudishe. Ni zoezi langu, halimhusu mtu yeyote aliye hai." Nilitamani nimfinye. Mtoto nimemlea kwa uongo safi, sijui huo ukweli kauokota wapi.

Mkuu akajifuta shingo. "Nitajuaje umesoma kilivyo? Wewe ni mjukuu wake huyu."

"Muulize mwingine anayekijua Kilatini."

"Nani mwingine?"

"Mwalimu. Uliyemwambia akapumzike."

Feni ikazunguka. Kisha akapiga simu.

Koti alikuja na koti lake. Akakipeleka kibati dirishani, akakigeuza, akamtazama Mapengo, akanitazama na mimi kwa muda mrefu kidogo. "Amesoma sawasawa," akasema. "Ni kanzu." Mkuu akashusha pumzi. "Ila maandishi ya risasi, Mkuu, hayathibitishwi kwa kusomwa mara moja. Hulinganishwa na mengine, na mengine yamo vitabuni, na vitabu vimo kwenye stoo yako ya viti."

"Itachukua muda gani?"

Koti akafuta miwani kwa pindo la koti. "Wangekuwepo wanafunzi wengi, ingekuwa kazi ya wiki chache. Kwa mmoja huyu, ni mpaka amalize shahada."

Ufunguo ukatoka kwenye droo.

Kwenye ngazi Mapengo hakunishika mkono. "Umenitia aibu, bibi. Nilitaka watufungulie kwa sababu kazi yetu ina maana."

"Na mimi nilitaka hivyo. Nimemwambia hivyo hivyo, kwa adabu, mpaka koo limekauka. Alikuwa anatazama simu."

Akanipita, akaenda kufungua chumba chao. Hasira yangu iko hapo mpaka leo, haijapoa. Watu wale wa kale waliandika juu ya haki, mapenzi, na namna ya kumzika ndugu yako, wakakomewa kufuli. Ilipodhaniwa tu kwamba wamelaani mtu, mlango ukafunguliwa.

Mapengo alimaliza, na sasa anafundisha kwenye chumba kile kile, pembeni ya Koti. Mjomba wake hufika kutazama tangi linalonguruma, akimaliza hukaa nyuma akajifanya anapumzika.

Siku ya mahafali nilikuwa kiti cha mbele. Mkuu alimpa Mapengo mkono, akainama akamwuliza kitu sikioni. Nilimdaka mtoto alipokuja, akaniambia. Aliuliza kama yule Mrumi alirudishiwa kanzu yake.

"Ukamjibuje?"

"Nimemwambia hatujui, bibi. Nimemwambia ni mtu wa kubuni."

Sherehe ilikwenda mpaka mchana mkubwa, hotuba juu ya hotuba. Wakuu wote waliketi jukwaani wakijipepea. Mkuu wetu wa kitivo alisimama mpaka mwisho. Viti vilikuwepo.