Samaki wa Bi Tatu Haoshwi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Bi Tatu Sadalla anachuchumaa ukingoni mwa Mto Msimbazi, upande wa Jangwani. Ananong'ona "Bismillahi" na kutia mkono ndani ya mtego wa mgono. Kambale mweusi anajipindapinda humo. Anamshika nyuma ya kichwa ili miiba isimchome, kisha anamlaza juu ya barafu ndani ya ndoo.

"Dada, leo nikutolee matumbo kabisa, nikupunguzie mzigo?" anauliza Bakili, mwenye mgono, huku akicheka.

"Jaribu uone. Utayala wewe mwenyewe, mabichi!"

Utani huo una chanzo chake, na kwa Bi Tatu si jambo dogo.

Bi Tatu, mwenye umri wa miaka arobaini na mitatu, amezaliwa na kukulia Kariakoo. Kwa miaka kumi na saba kazi yake ilikuwa kutengeneza samaki sokoni: kupaa magamba, kutoa matumbo, kuosha kwa ndimu na chumvi. Mwaka jana, 1977, maabara moja ya mjini ilimwajiri kwa mshahara wa shilingi 340 kwa mwezi. Alitakiwa kupeleka samaki sita wa mtoni kila Jumatatu. Wataalamu walitaka kujua kama maji machafu ya viwandani yamewatia samaki hao sumu, hasa madini ya risasi, maana familia nyingi za bondeni huwala.

Aliambiwa alete samaki. Hakuna aliyemwambia asiwatengeneze.

"Ningempaje mtu samaki mwenye matumbo?" anasema. "Kwetu hilo ni tusi. Nilimkabidhi Ndugu Tarsis samaki wanang'aa, hata inzi hawasogelei."

Ndugu Tarsis, mkuu wa maabara, alidhani wavuvi ndio wanaowauza hivyo. Wakapima minofu kwa majuma manane. Sumu haikuonekana. Ripoti ikapigwa chapa: samaki wa Msimbazi ni salama.

Maini Bi Tatu hakuyatupa. Aliyachemsha nyumbani kwa ajili ya mama yake, Bi Mboni, mwenye miaka sabini na tatu na asiye na meno.

Wakati huo Bi Tatu alikuwa akihudhuria kisomo cha watu wazima kila jioni, ili aweze kuandika vibandiko vya samaki wake. Juma la tisa, akiwa anasubiri kupewa ndoo, aliitazama fomu iliyokuwa mezani. Herufi zikaungana. Akasoma polepole, kwa kidole: "Ini: halikuletwa." Akashuka mstari wa chini: "Matamvua: hayakuletwa."

Akamuuliza Ndugu Sofia, mpimaji, kwa nini wanataka ini.

"Humo ndimo sumu inamojificha, dada," Sofia alimjibu. "Mnofu unaweza kuwa safi, ini limejaa."

Bi Tatu anakumbuka picha iliyomjia: "Nilimwona mama na bakuli lake."

Ripoti ilikuwa iondoke Ijumaa. Yeye alikuwa bado kwenye miezi ya majaribio, na aliyekuwa akijua habari ya maini ni yeye peke yake. Alikwenda nyumbani, akaswali, akakaa juu ya mkeka muda mrefu. Asubuhi alisimama mbele ya Ndugu Tarsis, akasema yote.

Ndugu Tarsis aliifungia ripoti ndani ya saraka. "Bi Tatu," alisema, "niletee samaki kama Mungu alivyomuumba."

Leo, kwenye chumba cha Sofia cha kupimia, kambale wa asubuhi anapasuliwa. Ini lake ni dogo kama kucha ya kidole gumba. Linachomwa hadi kuwa jivu, jivu linayeyushwa kwa tindikali, na maji yale yanapulizwa kwenye mwali wa mashine. Watu wote wanaitazama sindano ya kipimo. Sindano inatetemeka, halafu inapanda.

Kitu kisicho na rangi wala harufu, ambacho jicho la mwanadamu halikupewa uwezo wa kukiona, kinajitaja chenyewe. Bi Tatu ameshuhudia hivyo kila Jumatatu kwa karibu mwaka mzima, na bado hufunika mdomo kwa ncha ya khanga.

"Subhanallah," anasema. "Risasi ile, imo ndani ya kiumbe anayeogelea."

Matokeo mapya yalisomwa na mabalozi wa nyumba kumi bondeni kote: maini na vichwa vya samaki wa Msimbazi visiliwe. Wenye viwanda wameitwa kwenye vikao. Sindano imeanza kupanda kidogo kuliko mwanzoni, ingawa Sofia hataki mtu afurahi mapema.

Bi Mboni alipelekwa kwa daktari, akapimwa damu, akaambiwa aache kula maini. Hadi sasa hajambo. Tunamkuta barazani Mtaa wa Swahili, anapepeta mchele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mmekuja kwa ajili ya ini?" anauliza. "Mwanangu ameninyima ini. Basi hao wataalamu wake waniletee meno!"

"Mama, ningeendelea kukupa sumu?"

"Nani kakulaumu? Uliyasema mwenyewe, mbele ya wakubwa. Mimi nisingethubutu."

Bi Tatu anainama, anajifanya anaokota chuya.

Mpango wake ni kuendelea na kisomo hadi aweze kujaza fomu nzima kwa mkono wake. Na anasubiri Jumatatu moja tu, ambayo sindano itabaki imelala.

"Siku hiyo nitaomba samaki mmoja nirudi naye nyumbani," anasema. "Nitamtengeneza kwa ndimu mpaka ang'ae. Na ini lake halitakwenda maabara."