Ziwa Ndani ya Ndoo

Injini ya meli ilipozima, abiria wote walinyamaza kwa pamoja, kama kanisani pale padri anapokohoa kabla ya mahubiri. Kisha malalamiko yakaanza. Mama mmoja alisema kuku wake watakufa kwa joto. Mwalimu kijana akasema leo ndiyo siku yake ya kuripoti kituo kipya. Adinani, mwenye duka wa Mbamba Bay aliyekuwa amekalia magunia yake ya chumvi, alisema alijua tu, maana asubuhi alitoka nyumbani kwa mguu mbaya. Katika umati ule wote alikuwapo mtu mmoja tu asiyekuwa na haraka ya kufika. Huyo alikuwa Kunigunda, mjane wa Mbuji, aliyeketi kwenye benchi karibu na ngazi akiwa amempakata mjukuu wake.

Kunigunda hakuwa amewahi kupanda meli. Alizaliwa mlimani, akaolewa ng'ambo ya bonde lile lile, na maisha yake yote yalikuwa kahawa, mahindi, maharage na ngolo, yale mashimo ambayo Wamatengo huyachimba kwenye miteremko ili mvua isiondoke na udongo. Mumewe Egidi alipofariki, aliendelea kuchimba peke yake. Watoto wake walitawanyika mmoja mmoja. Kitindamimba, Luisa, alichukuliwa na seremala wa Ngumbo aitwaye Tobias, aliyekuja kuezeka paa la kanisa la kigango. Alimaliza paa, akaondoka na binti.

Baadaye Luisa alirudi na mtoto mgongoni. Glorious alikuwa na miaka miwili na hakutaka kabisa kuacha kunyonya, ikaamuliwa, kama ilivyo desturi, akae kwa bibi mpaka asahau. Alisahau upesi sana. Lakini mvua zikakata barabara, kisha Luisa akapata mimba nyingine, kisha Glorious akatiliwa mpini kwenye jembe lake mwenyewe dogo, na mwaka ukazaa mwaka. Wakaishi wawili, wakiitana mke mwenza kama bibi na mjukuu waitanavyo, wakimgombania mume ambaye alikuwa amekwisha kuzikwa. Glorious alikuwa akilalamika kwa majirani kwamba babu amemwachia mke mkubwa anayekoroma.

Sasa mtoto alikuwa amefikia darasa la kwanza. Luisa alipiga simu kabla ya Krismasi.

"Tunamtaka nyumbani, mama," alisema. "Ila akikataa kabisa, sitamlazimisha. Atabaki kwako asome huko huko."

Maneno yale ya mwisho ndiyo Kunigunda aliyoyashika. Hakumkataza mtoto kwenda, wala hakumsema vibaya baba yake. Alimsimulia tu habari za ziwa. Ukipanda juu ya shamba lake siku ambayo hakuna ukungu, Ziwa Nyasa huonekana mbali kule chini, liking'aa kama bati jipya, na wazee wa kule humtishia nalo mtoto mkaidi kama wengine wanavyomtishia kwa fisi. Kunigunda mwenyewe alitishiwa hivyo na mama yake. Kwa hiyo alimwambia Glorious kwamba kile kinachong'aa ni jicho. Halifumbi. Huchagua watoto, na likishamchagua mtoto halimsahau sura. Alisimulia jioni moja wakipukuchua mahindi, akasimulia na jioni nyingine. Mtoto alipoanza kusema hataki kwenda Ngumbo, bibi alimpaka mafuta miguuni akamwambia haya, tutaona.

Lakini neno la kukataa lilipaswa litoke kinywani mwa mtoto, mbele ya wazazi wake. Barabara ya kwenda Ngumbo ilikuwa imekatika tena, Luisa akatuma nauli ya meli.

Tangu walipopanda meli Mbamba Bay, Glorious alikuwa amejifunika kitenge cha bibi usoni. Adinani aliwasalimu walipopita Liuli, akaanza utani wa watu wa ziwani.

"Shikamoo bibi. Naona Wamatengo mmechoka na vishimo vyenu, leo mmekuja kukalia shimo kubwa."

"Marahaba, baba," Kunigunda alijibu. "Vishimo vyetu vinatoa mahindi. Chumvi yako ikilowa itatoa nini?"

Watu walicheka, na Adinani akacheka kuliko wote. Mtoto peke yake hakucheka.

Injini ikazima baada ya kuipita Kihagara. Nchi kavu ilionekana, hata miembe na mapaa ya bati, lakini mbali mno kwa sauti kufika. Baharia mmoja alipita akiwaomba wavumilie: kuna kitu kimevunjika huko chini, hakitengenezeki humu humu, na wamekwisha kupiga simu ziletwe boti. Meli ikiwa haina nguvu ya kwenda iligeuka taratibu, ikayapa mawimbi ubavu, ikaanza kuyumba. Ndoo tupu ilibingirika huku na huku. Kunigunda alishika benchi kwa mkono mmoja na mtoto kwa mkono mwingine, na ingawa aliogopa kama kila mtu, kuna pembe ya moyo wake iliyokuwa imetulia. Ilimwambia: hapa tulipo, mtoto bado ni wangu. Ilimwambia pia kwamba baada ya siku kama ya leo, Glorious atalia mbele ya mama yake mpaka arudishwe mlimani.

Hapo ndipo alipohisi paja lake limelowa. Mtoto alikuwa amejikojolea, yeye ambaye tangu apate akili hakuwahi kujikojolea. Alikuwa akitetemeka mwili mzima, na alipozungumza ilibidi bibi ainamishe sikio.

"Limeishika meli."

"Nani?"

"Ziwa. Limenitambua." Mtoto alikikaza kitenge usoni. "Bibi, nikishuka mimi, litawaachia nyie?"

Kunigunda alikuwa amewahi kusikia mengi ya kuumiza. Alikuwa amesikia daktari akimwambia habari ya Egidi. Lakini neno lile lilimwingia kwingine. Aliutazama uso ule mdogo ndani ya kitenge, akaona mtoto hasemi ovyo: amekwisha kuamua, anasubiri tu kuambiwa ashukie wapi. Yale aliyoyataka ndiyo haya, yamekamilika, na hakuweza kuyatazama mara mbili.

Alisimama. Akamwomba Adinani amshikie mtoto, akaokota ile ndoo, na kwa kuwa ilikuwa na kamba, kama ndoo za kuchotea maji melini, akaenda nayo ukingoni. Hakutazama chini, aliiangusha ndoo kama mtu anayeitupa kisimani gizani, akasikia imegonga, akavuta. Mwalimu kijana alitaka kumsaidia, akamkatalia kwa kichwa. Akairudisha ndoo imejaa, akaiweka miguuni pa mtoto.

"Haya, mke mwenzangu. Ziwa lenyewe ndilo hili. Tafuta hilo jicho."

Glorious alichungulia kwa tundu la kitenge. Akachungulia tena. Maji yalikuwa safi mpaka kutu ya chini ya ndoo ikaonekana.

"Naona kofia," alisema.

Ilikuwa kofia ya Adinani, aliyekuwa ameinama naye kutazama. Adinani aliivua, akaivaa tena, na mtoto akaona ndani ya maji kofia inatoka na kurudi. Hakucheka, ila mabega yake yalishuka kidogo.

Kunigunda alitia mikono yake miwili ndani ya ndoo. Akamnawisha mtoto uso, kisha shingo, kisha akamkalisha upande na kumwosha miguu iliyokuwa na mkojo, polepole, kama alivyomwosha kila jioni wakitoka shamba. Akalifua na gauni pale pale, akalikamua.

"Yana joto," Glorious alisema.

"Jua linayapiga mchana kutwa."

Mtoto alitumbukiza vidole, akavilamba. Akasema hayana chumvi. Adinani akamwambia chumvi yote ya ziwa hili anayo yeye, ameikalia. Safari hii mtoto alicheka. Kisha akamgeukia bibi yake.

"Mbona ulisema linachagua watoto?"

Kunigunda angeweza kusema ni hadithi tu. Alikikunjua kitenge, akakikunja tena.

"Kwa sababu ukienda, nyumba itabaki na mtu mmoja."

Glorious alifikiri. Akasema basi, bibi naye ahamie Ngumbo, watalala kitanda kimoja, atauvumilia mkoromo. Kunigunda akauliza na kahawa amwachie nani. Mtoto alijua kahawa haiachwi. Alichota maji kwa kiganja, akamnawisha bibi yake uso bila kuombwa.

Boti zilifika jua likiwa limeanza kuinamia upande wa Malawi. Zilikuwa za wavuvi wa Ngumbo, na ya pili kufika ilikuwa na Tobias, amesimama katikati akiita jina la mwanawe kwa sauti iliyokauka. Baharia akasema watangulie watoto na wazee. Glorious alishuka ngazi ya kamba mikononi mwa baba ambaye alimjua zaidi kwa sauti ya simu, akakaa, akashika ukingo wa boti. Kunigunda alibaki juu, mguu mmoja hewani.

"Shuka, bibi," alisema Adinani nyuma yake, akimshika kwapani. "Kaburi lako liko Mbuji. Huku hatuna nafasi."

Alishuka.

Ufukweni Luisa alikuwa amesimama maji yakimfika magotini, mtoto mdogo mgongoni, na macho mekundu. Alimkumbatia Glorious mpaka mtoto akaomba kupumua. Kisha akamsalimu mama yake, akapokea kikapu, na walipokuwa wakipanda njia ya nyumbani akamvuta kando na kuuliza kwa sauti ndogo kama mtoto amesemaje, anakubali ama amekataa.

Jibu Kunigunda alitoka nalo Mbuji, alikuwa amelipanga maneno kwa maneno.

"Muulize mwenyewe," alisema.

Luisa alichuchumaa, akamuuliza. Glorious alimtazama mama yake, akamtazama bibi, akasema atasoma hapa hapa. Lakini shule ikifungwa mwezi wa sita lazima apelekwe kuchuma kahawa, kwa sababu mke mwenzake hawezi tena kuinama.

Luisa alimgeukia mama yake, ambaye hakuwa amelalamikia mgongo maisha yake yote.

"Ni kweli," Kunigunda alisema. "Mwaka huu matawi ya chini yamebeba sana."