Shemeji Alois na Neno la Tumbo

Habari za shemeji yangu Alois anayezijua vizuri ni mimi, mjomba wa ukoo. Na elimu ninayo: darasa la saba nimelisoma mara mbili, wakati hao wa vyuo vikuu walilipita mara moja tu.

Alois alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huku milimani, juu ya Mkuyuni. Alimwoa dada yangu Paskalia, akahamia kwetu, akalima shamba la ukoo wetu. Kwa sisi Waluguru ardhi hufuata tumbo la mama. Mume ni mgeni, hata mvi zimwotee hapohapo. Miaka thelathini na moja nimemtania: "Shemeji, kunywa chai upesi, wenye nyumba wanakuja!" Naye hujibu, "Waje niwafundishe kusoma. Nitaanza na wewe."

Ugonjwa wake ulikuwa maneno. Mwalimu mwenzake Mwislamu, alipohamishiwa Kisaki, alimwachia kamusi ya Kiarabu iliyochakaa. Tangu hapo Alois, mpiga kengele wa kanisa la kigango, akawa anajaza madaftari. Alisema maneno ya Kiarabu yana mizizi ya herufi tatu, na kila mzizi una watoto. Hukumu, hakimu, hekima, mahakama: wote wa nyumba moja. Nikamwambia hata muhogo una mizizi, tena inaliwa. Paskalia alicheka mpaka akaweka sufuria chini.

Wao wenyewe hawakujaliwa mtoto. Mwezi wa nane mwaka huu Paskalia alifariki, tukamzika nyuma ya nyumba, kando ya mdalasini.

Baada ya arobaini ukoo ukakaa kuamua habari ya nyumba. Mwenye kauli ni dada yetu mkubwa, Prisca. Mimi mjomba ndiye msemaji. Nilikuwa nimemwahidi Alois: "Lala usingizi, shemeji. Nikisimama mimi, hata mlima unasikiliza."

Wengine huja na machozi. Yeye alikuja na daftari.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, shemeji. Sema."

"Rehema, rahimu, marehemu, haya ni maneno ndugu," akasoma, kidole kikifuata mstari. "Katika mzizi huohuo Waarabu wana neno la tumbo la mama, pale mtoto anapokaa kabla ya kuzaliwa. Mimi naomba rehema ya namna hiyo. Niacheni karibu na kaburi lake mpaka nife. Shamba chukueni. Mti sitapanda hata mmoja, nisije nikaonekana nadai ardhi."

Nikafumba macho. Miaka yote ile kwetu, na bado analeta habari za tumbo mbele ya Waluguru! Angemtaja Bikira Maria, labda Prisca angelainika.

"Umesema vizuri," Prisca akajibu, taratibu, bila ubaya. "Kumbe hata Waarabu wanajua. Basi wewe, shemeji, umetoka tumbo gani humu ndani?"

Alois akafunga daftari.

"Paskalia hakuacha mtoto wa kukushika mkono," Prisca akaendelea. "Binti yangu Catherine ana watoto wanne, wamebanana chumba kimoja. Nifanyeje mimi? Niambie, nitafanya."

Wote wakanigeukia. Nikasimama, mimi mwenye mdomo huu uliowahi kumnyamazisha mtendaji wa kijiji. Nikakohoa. Nikasema, "Naona mvua ziko karibu." Nikakaa.

Nyumba wakapewa akina Catherine. Alois amepewa chumba na mpwa wake Innocent, mtoto wa dada yake, Mwembesongo, mjini. Huko Alois ndiye mjomba, tumbo ni lake, ila kaburi haliko huko.

Siku ya kuondoka nilimfungia madaftari kwa kamba, kumi na mawili. Yeye akafagia kaburi, akapitisha kidole kwenye msalaba, pale palipoandikwa Marehemu.

"Maana yake aliyerehemiwa," akasema. "Yeye keshapewa, shemeji."

Nilitafuta utani kila mahali. Nikakosa.

Prisca alimletea chai. Alois akaketi nayo mlangoni, akiangalia mdalasini, kikombe mkononi, mpaka ikapoa. Pikipiki ilikuwa inangoja barabarani, inapiga honi. Sikumwambia anywe upesi.