Kefiri ya Wifi

Wifi yangu hakuwa na aibu na tumbo la mtu. Wengine ukikutana nao asubuhi wanakuuliza umeamkaje. Yeye alikuuliza kama umepata choo. Aliuliza hivyo hata mbele ya wakwe, hata kwenye foleni ya benki, wala hakushusha sauti. Kwenye duka la dobi alikopiga pasi miaka nenda miaka rudi, wenzake walimbandika jina la Bibi Tumbo, naye akalipokea kama amepandishwa cheo.

Alikuwa na sababu zake. Tangu ujanani tumbo lilimtesa. Likijaa gesi anavimba mpaka zipu ya sketi inagoma, likifunga linafunga wiki nzima. Kupiga pasi ni kazi ya kusimama, mvuke usoni, mashuka ya hoteli hayaishi, naye alisimama hapo amejikunja, mkono mmoja kwenye pasi, mwingine umeshika kiuno. Vidonge alimeza vya kila rangi. Halafu mteja mmoja aliyekuwa akileta makoti yake pale akamhurumia, akampa punje za kefiri ndani ya kikopo. Ni vitu vyeupe, laini, kama koliflawa iliyokatwakatwa. Unazitia kwenye maziwa, unafunika kwa kitambaa, kesho yake unachuja na kunywa yale maziwa yaliyoganda na kuchachuka, na punje unazihamishia kwenye maziwa mengine.

Baada ya miezi michache wifi alikuwa anasimama wima. Sitamnyima haki yake, nilimwona kwa macho yangu: uso ulinawiri, hasira zikapungua, akaanza kuimba kazini. Tangu hapo hakuna aliyesalimika. Kila jirani alipewa punje na mahubiri juu yake, kwamba tumboni kuna bakteria wazuri na wabaya, na wazuri wakishiba mwili mzima unatulia, hata usingizi unakuja wenyewe. Mimi nilikunywa mara mbili kwa heshima, kisha nikamwambia inanikumbusha soksi za mume wangu. Alininunia siku nzima.

Huyo mume wangu ndiye mdogo wake wa pekee. Mama yao alifariki yeye akiwa bado anavaa kaptula za shule, na dada yake ndiye aliyemlea, akamsomesha ufundi wa umeme kwa pasi hiyo hiyo. Kwa hiyo mume wangu alipokutwa na saratani ya tezi, sikuwa peke yangu niliyejifungia chooni kulia.

Dawa aliwekewa kwa dripu, kupitia mrija uliofungwa mkononi. Nesi alitukalisha mimi na wifi akatueleza kwamba dawa ile inaua ugonjwa, lakini inawaua pia walinzi wa damu, kwa hiyo kwa muda fulani kidudu kidogo tu kinaweza kummaliza. Mboga mbichi marufuku, maziwa mabichi marufuku, kila kitu kichemshwe. Joto la mwili likipanda, tusisubiri hata kidogo. Nilirudi nyumbani na woga ambao sikuwahi kuujua. Nilinawa mikono mpaka ikachubuka. Nilifuta vitasa vya milango, swichi za taa, rimoti ya televisheni. Mtoto wa jirani akikohoa kwenye ngazi, roho ilinikaa juu juu mpaka jioni.

Taabu ikawa chakula. Kila alichokula alikirudisha, na mashati yakaanza kumpwaya. Mimi nauza viatu dukani, tajiri yangu si mtu wa kutoa ruhusa mara mbili, kwa hiyo wifi akajitolea kuja kila mchana wakati wa mapumziko yake, na chupa ya chai mkononi. Alisema ni maziwa, ameyachemsha mwenyewe. Na mgonjwa akaanza kupata nafuu. Alikunywa asitapike, akaweza kukaa kitini, akaanza hata kulalamika kuhusu waya za jirani zilizoning'inia vibaya. Nilimshukuru Mungu, nikamshukuru wifi, nikaacha hata kumtania.

Siku moja nilikuwa nimepiga magoti namvalisha mteja kiatu simu ikaita. Wifi hakusalimia. Alisema, "Mdogo wangu anatetemeka." Nilimwacha yule mteja na kiatu mguu mmoja. Nyumbani nilimkuta mume wangu chini ya mablanketi mawili, jua la mchana liko dirishani, meno yanagongana. Kipimajoto kilisoma thelathini na tisa. Ndani ya teksi nilimshika kichwa nikawa namwambia dereva apite hata mahali pasipo na njia, na yule maskini alipita.

Hospitalini, daktari wa zamu alikuwa dada mmoja mpole, mwembamba, mwenye kuuliza maswali bila kuinua macho kutoka kwa mgonjwa. Walitoa damu ya kupima, wakaning'iniza mfuko wa dawa. Akauliza mgonjwa amekula nini siku hizi, kuna chochote kibichi? Nilijibu haraka kwamba hapana, kwetu kila kitu kinachemshwa. Akauliza tena kama kuna mtindi, vidonge vya bakteria wazuri, kitu chochote kilichochachushwa. Nikasema hapana.

Wifi alikuwa amesimama nyuma yangu na aproni yake ya kazini. Mtu ambaye hajawahi kupitwa na swali la tumbo alikuwa kimya. Niligeuka kumtazama. Nikamshika mkono nikamtoa nje, kwenye ukumbi.

"Wifi, ile chupa ilikuwa na nini?"

"Maziwa. Niliyachemsha mara mbili, kama nesi alivyosema. Yakipoa ndiyo natia punje."

"Na punje zenyewe unazichemsha?"

Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa upuuzi. "Punje ukizichemsha si zinakufa."

Kisha akayasikia aliyosema mwenyewe. Akatafuta ukuta kwa kiganja. Niliyaona yote yakimjia kwa mpigo usoni: sufuria, kitambaa, chujio, zile siku zote alizotembea juani kumletea mdogo wake vitu vilivyo hai akidhani amefuata kila neno. Mume wangu naye ladha ile aliijua vizuri. Hakuniambia, nadhani kwa kukwepa utani wangu wa soksi.

Mkono uliniwasha. Nisingeona pale ukumbini zile alama za kuungua na pasi alizo nazo mikononi, ningempiga. Niliogopa, na hasira ndiyo pekee iliyonisimamisha.

"Tungoje kwanza homa ishuke," akanong'ona. "Huenda si hiyo. Wakijua, hawataniruhusu kumkaribia tena. Nimemlea, wifi."

Nilimwambia sina muda wa kungoja, aseme yeye au niseme mimi. Alifungua aproni, akaikunja mara nne kama anavyokunja mashuka, akanikabidhi. Halafu akaingia ndani akamweleza daktari kila kitu tangu mwanzo, pamoja na yale maziwa kuchemshwa mara mbili.

Daktari hakumgombeza. Alipiga simu maabara pale pale, akaagiza mfuko mwingine wa dawa uongezwe. Alituambia kwamba kwa mtu mwenye afya yake kefiri ni chakula tu, na wengi inawafaa, lakini damu ikikosa walinzi hata bakteria wazuri wanaweza kuingia mahali pasipo pao. Tena baadhi ya dawa wanazoanza nazo kwa mgonjwa wa homa kama hii haziwagusi kabisa hao. Hakuna uhakika, akasema, mpaka maabara waone kinachoota kwenye damu, na hilo linataka siku kadhaa.

Siku hizo sizitamani hata kwa adui. Homa ilishuka ikapanda. Mume wangu alizungumza maneno yasiyo na kichwa wala miguu, akaniambia nizime swichi kubwa kabla nyumba haijaungua, nami nikajifanya naizima. Kila nesi alipoingia haraka, nilisimama. Wifi hakuvuka kizingiti. Aliketi kwenye benchi nje ya mlango, mikono kwapani, akikataa chai, akikataa mkate, akimwangalia kila anayetoka ili ajue kama ndiye anayeleta habari. Nilimpita mara kadhaa bila kumsemesha. Nilitaka ateseke, na kila nilipomwona anateseka niliogopa zaidi, kwa sababu mtu aliyemjua mume wangu kuliko mimi alikuwa amekata tamaa.

Homa ilipovunjika ilivunjika mchana, kwa jasho lililolowesha godoro. Jioni yake daktari akatuita wote wawili pale mlangoni. Alisema maabara wamewaona: ni bakteria wa maziwa. Nilihisi wifi akiniegemea. Daktari akaendelea, akasema dawa iliyowaweza ni ile iliyoongezwa siku ya kwanza, na kwamba bila maneno ya wifi wasingeianza mpaka majibu yatoke.

"Kwa hali aliyokuja nayo," akasema, "sidhani angefika leo."

Wifi aliomba arudie. Daktari akarudia yote mawili. Nilimwangalia mwenzangu usoni nikajua kwamba la pili halikuingia. Alilisikia la kwanza tu, mara mbili.

Nilimshika bega nikamsukuma ndani, naye akaingia kwa hatua za mtu anayekanyaga sakafu iliyolowa. Alisimama mbali na kitanda akasema, "Homa hii niliileta mimi. Kwa ile chupa."

Mume wangu alimtazama. Midomo ilikuwa imepasuka, macho yameingia ndani. Hakuwa na nguvu za maneno mengi.

"Dada, naomba maji."

Chupa ya maji ilikuwa mezani, karibu na mkono wangu. Nilimnyooshea mimi, akatikisa kichwa. Mkono wake ulibaki hewani kumwelekea dada yake, haushuki. Wifi alikwenda kwenye sinki akanawa, akanawa tena, akachukua chupa. Aliangalia muhuri kwenye kizibo kama haujakatwa. Akamuuliza nesi kama maji haya ni salama, nesi akasema ni salama. Akaniuliza na mimi. Nikamwambia, "Mpe, wifi."

Akaifungua, akamwinua kichwa kama alivyomwinua utotoni, akamnywesha. Mume wangu alikunywa taratibu mpaka maji yakaisha, na wifi hakupepesa macho, akilitazama lile koo kila lilipomeza.