Ua wa Vitovu

Harufu ya mti mbichi uliokatwa bado hunifanya nifumbe kiganja. Asubuhi ile nilikuwa nimeukumbatia mche wangu, bogenvilia ya maua meupe, na baba mkubwa Seif akapitisha panga chini ya mikono yangu. Mche ukaniangukia. Mwiba ukazama hapa, chini ya kidole gumba. Nilikuwa na miaka minane, na kovu ninalo.

Nasema mche wangu kwa sababu ulikuwa wangu kweli. Nyumba yetu ya Ilala haikuwa na ukuta, ilizungukwa na ua wa miche. Tangu Bibi aolewe pale, kila mtoto aliyezaliwa, kitovu kikidondoka, alikizika pembeni mwa kiwanja, na juu yake akachomeka kijiti cha bogenvilia. Alianza na wanawe, akaja kwetu wajukuu. Wa Seif, mzaliwa wa kwanza, ulikuwa langoni, shina nene kama paja la mtu mzima.

Sijui niwaeleze vipi mnielewe. Mvua ikikatika, ua ule ulichanua mpaka majani hayaonekani. Wachukuzi waliotoka Kariakoo na mizigo kichwani walisimama wakautazama. Mmoja nakumbuka alitua gunia lake kabisa, akavua kofia. Sisi watoto tulitambaa chini yake, mwanga ukapenya mwekundu mikononi mwetu, nyuki wakivuma juu, na hakuna aliyethubutu kusema kwa sauti. Niliamini ua unapumua.

Bibi alijifunga viganja kwa khanga kuukuu, akavisuka vichipukizi vikiwa bado laini, cha huyu ndani ya cha yule. Aliumwagilia maji ya kuoshea samaki, na paka wa mtaa mzima wakahamia kwetu. Nikinaswa alicheka. "Mke mwenzangu, mwiba ukikushika usiuvute. Rudi polepole ulikotokea, utakuachia wenyewe."

Kisha akaja Tarimo, muuza jumla wa Kariakoo, anatafuta kiwanja ajenge stoo. Yeye simlaumu, maana aliuliza.

"Mama, hapa ni kwa nani?"

"Kwangu," Bibi alisema. "Na huu ua nimeupanda mimi, wengine hamjazaliwa."

Seif akacheka. "Mzee, usimsikilize. Kiwanja kaniachia baba. Huyu nimemleta juzi tu kumtunza, na hayo maua kayapanda juzi."

Tarimo akamgeukia mjumbe wetu, Kibwana. Kibwana huyu alikulia mtaa ule ule, na pilau ya Idi alikula kwetu kila mwaka.

"Ni ya juzi," akasema Kibwana, akatia saini karatasi ya mauzo.

Tulimtazama Bibi sote. Alikuwa na neno moja tu la kusema. Alilitazama shina la langoni, akamtazama mwanawe, akajitanda khanga vizuri. Hakulisema. Panga lilipoanza kazi na mimi nikaumia, aliniita tu: "Njoo nikutoe mwiba."

Miaka mingi nilidhani aliogopa. Mpaka nilipozaa wangu ndipo nikaelewa: kumwambia Seif mbele ya watu kwamba kitovu chake kimo chini ya shina lile kungekuwa kumvua nguo mwanawe. Bibi akaona bora akose nyumba. Alifia chumba cha kupanga, Buguruni, dirisha linatazama ukuta.

Miche yote ilikatwa isipokuwa mmoja. "Hilo la langoni liacheni," Seif aliwaambia vibarua, "lina kivuli." Mpaka leo linachanua mlangoni pa stoo, na watu bado wanasimama kulitazama. Seif mwenyewe hukaa chini yake kila alasiri, anacheza bao. Juzi nilipita, nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba bila kuinua macho.

Baba mkubwa, Kibwana kafa, umebaki wewe. Mwiba nimerudi nao polepole mpaka ulikotokea, na haujaniachia. Kama maua yale yalipandwa juzi, kwa nini panga lako liliruka shina la langoni? Nijibu. Na unijibu mbele ya watu, kwa sababu mbele ya watu ndipo uliposema.