Mlango Usio na Kishikio

Fundi Randa alikuwa na ulimi mwepesi kuliko msumeno wake. Mteja akilalamika kwamba kabati limechelewa, humjibu, "Haraka haraka haina baraka, na mbao zenyewe bado mbichi." Lakini alipopewa kazi ya kutengeneza upya milango ya kituo kikuukuu cha polisi, kilichokuwa kinageuzwa makumbusho ya mji, utani ulimkauka mdomoni. Chumba cha mwisho cha mahabusu ndicho alichofungiwa baba yake.

Alikamatwa kwa kosa la mtu mwingine, fundi akiwa bado ananyonya. Hakuna aliyempelekea mkewe habari. Majirani, kama kawaida yao, walijua kila kitu: mwanamume kapata mke mwingine, katoroka. Aliporudi alikuwa mgonjwa hajiwezi, hata kusema ni kwa taabu; alimweleza mkewe tu kwamba alifungiwa kituoni, hakuweza kuja, na hakumaliza mwezi. Tangu hapo mama hakupita mtaa wa kituo kile. Kwenda sokoni alizungukia nyuma ya shule, jua liwake, mvua inyeshe.

Fundi alitaka jambo moja tu: mama aingie chumba kile angali hai, amuage mumewe vizuri.

Afisa wa makumbusho alimwambia milango iwe kama ya zamani: mbao nene, komeo kwa nje, ndani hakuna kitu. Fundi akaitengeneza yote hivyo, ila kwa ule wa mwisho mkono ulikataa. Akafunga kishikio cha shaba upande wa ndani, kikaungana na komeo, ili mama akiingia ajue anaweza kutoka mwenyewe. Akakisugua mpaka kikang'aa. Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Na wa mzazi je? Huo aliujua yeye.

Siku moja kabla ya ufunguzi mama alikubali. Alikuja ameshika mkono wa mwanawe, akinung'unikia vumbi njia nzima. Akaingia, akagusa ukuta, akatazama kidirisha cha juu. Alipogeuka akakiona kishikio.

"Hiki nini?"

"Chako, mama. Usije ukaogopa."

"Baba yako alikuwa nacho?"

"Hapana."

"Basi kitoe, mwanangu. Watu watakuja kutazama hapa. Wakikiona watasema mlango ulikuwa unafunguka, ni yeye tu hakutaka kurudi kwetu. Maneno hayo nimeyasikia ya kutosha."

Fundi akainama mlangoni. Akatoa bisibisi mfukoni. Mama akawa anapokea skrubu moja moja kiganjani. Matundu yaliyobaki, fundi akayaziba kwa gundi na unga wa mbao.

"Sasa toka, unifungie kidogo."

"Mama..."

"Nifungie."

Akatoka, akasukuma komeo, akasimama na kishikio mkononi. Alisikia kiganja kikipapasa mbao kwa ndani, polepole, kutoka juu hadi chini. Kisha akasikia sauti ya mama, ya chini, wala haikuwa ikimwita yeye.

"Nimeona, mume wangu. Kumbe kweli hukuweza."