Evaresta na Mashine ya Shemeji Yake

Mwezi haukuwa umeisha tangu wamzike Abdiel, mume wa Evaresta, na mdogo wake Solomoni akamuuzia mjane mashine ya kufyatulia tofali kwa milioni kumi na mbili. Ilikuwa imepakwa rangi mpya ya bluu. Wiki ya pili injini ikafa. Fundi wa Sombetini alipoifungua alianza kucheka, akamtazama Evaresta usoni, akaacha.

"Mama, hii haifiki milioni tano."

Evaresta alipomfuata shemeji yake, alijibiwa mbele ya vibarua: "Uliiona kwa macho yako ukanunua. Wanawake na injini wapi na wapi?"

Hakurudi tena kwake. Aliitengeneza ile mashine, akafyatua tofali miaka miwili, na maneno yale yakimkereketa kila siku.

Kisha shule moja iliyokuwa ikijengwa Kisongo ikatafuta tofali elfu ishirini kwa mwezi mmoja. Solomoni naye aliitaka kazi hiyo. Alitamba kwa watu: "Evaresta hawezi kushuka chini ya elfu moja mia tano kwa tofali. Lazima arudishe zile milioni kumi na mbili alizonipa."

Maneno yalimfikia Evaresta, akachukua daftari. Milioni kumi na mbili hakuziandika. Zilishakwenda, apate kazi asipate, hazirudi. Aliandika tu vitakavyomtoka kwa ajili ya kazi hii: saruji, mchanga, dizeli, vibarua. Akaongeza laki sita, kwa kuwa Lesian, mjenzi wa Kikatiti, alitaka kuikodi mashine mwezi huohuo, na akimnyima atazikosa. Kila tofali likaangukia elfu moja mia mbili. Akapeleka bei ya elfu moja mia tatu.

"Si umwachie Mungu tu?" dada yake Prisca alimsihi.

"Mungu ana kazi nyingi. Huyu aniachie mimi."

Akapata kazi. Solomoni, aliyekuwa amenunua mashine mpya kwa mkopo, alikuwa ametia rejesho la benki ndani ya bei ya kila tofali. Sasa mashine yake ililala chini ya turubai. Siku ya nne alikuja Sombetini, kwenye uwanja wa Evaresta. Evaresta alimwacha asimame juani mpaka alipomaliza kuhesabu mifuko ya saruji.

"Shemeji, tugawane basi hiyo kazi."

"Kazi sigawi. Nitakodi mashine yako, mwezi mmoja. Laki mbili. Dizeli na oili juu yangu."

"Laki mbili! Rejesho peke yake ni laki saba!"

"Rejesho utalipa hata ikilala. Nijibu: ikilala mwezi huu itakuingizia shilingi ngapi?"

Vibarua walikuwa wameacha koleo zao, wanasikiliza.

"Basi laki mbili ni nyingi. Kesho itakuwa laki na nusu," Evaresta alisema.

Solomoni akakubali. Jioni hiyohiyo Lesian aliipakia ile ya bluu kwenye lori, akalipa laki sita zake.

Katikati ya mwezi Agnela, mke wa Solomoni, alikuja kuomba nyongeza kidogo. Benki ilikuwa imeanza kupiga simu. Evaresta alimpenda Agnela, maana ndiye aliyelala naye msibani wiki nzima. Alimpa chai na mkungu wa ndizi, akamsindikiza hadi barabarani.

Nyongeza hakutoa. Alirudi uwanjani, akawaambia vibarua waongeze maji kwenye mchanga, akawasha mashine ya shemeji yake.